Kuondoa Majaribio Vigeugeu Yanayotegemea Saa Katika Mradi wa Programu

Jaribio la programu lina kazi moja, nayo ni kumwambia mwandishi iwapo msimbo alioubadilisha bado unafanya kazi ipasavyo. Likifaulu asubuhi na kufeli alasiri ilhali hakuna herufi hata moja iliyoguswa, halimwambii chochote, na ubaya wake hauishii hapo. Timu ikishazoea kubonyeza kitufe cha kuendesha upya kila taa nyekundu inapowaka, hata siku jaribio litakapofeli kwa sababu ya kweli hakuna atakayeshtuka. Mwongozo huu unahusu kundi moja tu la majaribio ya namna hiyo, yaitwayo vigeugeu: yale ambayo matokeo yake hutegemea saa, yaani kasi ya mashine, muda wa kusubiri, tarehe ya siku au mpangilio wa kazi mbili zinazokwenda kwa pamoja.

Mfano nitakaoutumia ni wa programu ya kukata tiketi za mabasi ya usiku yanayotoka Mwembe Tayari kwenda Nairobi, aina ya kazi ambayo timu ndogo hapa Mombasa inaweza kukabidhiwa wakati wowote. Abiria anachagua kiti, kiti kinashikwa kwa dakika 15 huku malipo ya M-Pesa yakisubiriwa, malipo yakiingia tiketi inatolewa, na yasipoingia kiti kinaachiliwa kwa abiria mwingine. Kila hatua ya mchakato huo ina saa ndani yake, na kwa sababu hiyo majaribio yake huharibika kwa urahisi.

Tatizo hili si la timu changa peke yake. Mwaka 2016 Google walieleza kwamba takriban asilimia 1.5 ya uendeshaji wote wa majaribio yao ulitoa matokeo ya kigeugeu, na kwamba karibu asilimia 16 ya majaribio yao yalikuwa na kiasi fulani cha tabia hiyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois waliochunguza mabadiliko 201 katika miradi 51 ya Apache, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2014, waligundua kwamba chanzo kikubwa kuliko vyote, kwa takriban asilimia 45 ya visa walivyoweza kuvipambanua, kilikuwa kusubiri kwa njia isiyo sahihi kazi inayofanyika kando. Hesabu nayo haina huruma: ukiwa na majaribio 50 ambayo kila moja hufeli mara moja katika kila mara 100, basi karibu asilimia 40 ya uendeshaji wako utafeli pasipo kosa lolote, na yakifika 200 kiwango hicho kinapanda hadi karibu asilimia 87.

Msimamo wangu ni kwamba kinachopaswa kuondolewa ni saa iliyomo ndani ya jaribio, na ni mara chache sana jaribio lenyewe linapostahili kufutwa. Hatua zifuatazo zimepangwa kwa kufuata msimamo huo.

Hatua ya kwanza: kusanya ushahidi kabla ya kugusa chochote

Weka rekodi ya kila jaribio lililofeli kisha likafaulu juu ya msimbo uleule. Andika jina la jaribio, saa lilipofeli pamoja na ukanda wa saa, mashine iliyoliendesha, majaribio yaliyotangulia na ujumbe kamili wa kosa. Rekodi ya namna hii, hata ikiwa ni jedwali la kawaida linaloshirikiwa na timu, huonyesha mambo ambayo kumbukumbu za watu haziwezi kuyaonyesha.

Saa ya kufeli ndiyo inayopuuzwa zaidi, ilhali mara nyingi ndiyo inayotoa jibu. Nyaya za baharini za TEAMS, SEACOM na EASSy zinatua hapahapa Mombasa, lakini seva inayoendesha majaribio yetu kwa kawaida iko mbali, na karibu daima saa yake imewekwa kwenye UTC, yaani saa ya marejeo ya kimataifa, wakati kompyuta za waandishi ziko saa tatu mbele. Kuanzia saa sita usiku hadi saa tisa usiku kwetu, tarehe ya Mombasa na tarehe ya UTC hazilingani. Jaribio linalouliza tarehe ya leo kutoka sehemu mbili tofauti za programu litafaulu mchana kutwa, kisha litafeli kwa mtu aliyekesha kazini, na asubuhi wenzake watakapoliendesha litafaulu tena. Hali huwa mbaya zaidi mwisho wa mwezi, kwa sababu tiketi iliyokatwa saa sita na nusu usiku wa kuamkia tarehe 1 Aprili ni ya tarehe 31 Machi kwa UTC, na kwa hiyo inaingia kwenye ripoti ya mwezi mwingine.

Pamoja na rekodi hiyo, pekua msimbo wote wa majaribio utafute kila mahali panapoitwa amri ya kulala, yaani ya kuisimamisha programu kwa muda fulani, kila mahali panaposomwa saa ya mashine moja kwa moja, na kila kikomo cha muda kilichoandikwa kwa nambari tupu. Orodha utakayoipata ndiyo ramani ya kazi iliyo mbele yako, yakiwemo majaribio ambayo bado hayajafeli.

Hatua ya pili: yatenge, lakini kwa masharti

Jaribio lililothibitika kuwa kigeugeu lisiendelee kuzuia kazi ya wengine. Lihamishe kwenye kundi la pekee ambalo linaendelea kuendeshwa na kurekodiwa, ila matokeo yake hayazuii msimbo kuunganishwa. Kila lililotengwa liwe na jina la mtu anayelishughulikia na tarehe ya mwisho, na kundi zima liwe na idadi isiyovukwa. Kwa timu ya watu watano au sita, mimi huona majaribio manane yanatosha. Kundi likijaa, kazi mpya isimame hadi lipunguzwe. Bila masharti haya, kutenga kunageuka kuwa kufuta kwa siri.

Kuhusu desturi ya kuendesha upya jaribio lililofeli hadi lifaulu, sishauri itumike isipokuwa kwa muda mfupi sana na kwa kuandika kila mara ilipotumika. Kosa la kweli linalotokea mara moja katika kila mara 10, ukilipa jaribio nafasi tatu za kufaulu, litaonekana mara moja tu katika kila mara 1,000. Abiria hawapewi nafasi tatu.

Hatua ya tatu: lifanye lifeli upendavyo

Usirekebishe jaribio ambalo hujaweza kulifelisha kwa makusudi, kwa kuwa hutakuwa na njia ya kujua kama ulichofanya ndicho kilichosaidia. Anza kwa kuliendesha mara nyingi mfululizo. Kwa Go, amri ya `go test -count=300 -race` inatosha; JUnit 5 ina alama ya `@RepeatedTest`; kwa Python ipo programu-jalizi ya pytest-repeat. Nambari 300 ina sababu yake: jaribio linalofeli mara moja katika kila mara 100, ukiliendesha mara 300, una uhakika wa asilimia 95 kwamba utaliona likifeli angalau mara moja.

Likikataa kufeli, ielemee mashine. Endesha kazi nzito kandokando, lipe jaribio kiini kimoja tu cha prosesa, au ingiza ucheleweshaji wa makusudi wa nusu sekunde katika sehemu ya msimbo unayoishuku. Yale yanayohusu tarehe yaendeshe chini ya `TZ=UTC`, kisha `TZ=Africa/Nairobi`, ambao ndio ukanda unaoihusu Kenya nzima, kisha `TZ=Pacific/Auckland`, na kwenye Linux tumia libfaketime kuidanganya programu kwamba ni dakika moja kabla ya saa sita usiku. Kenya haina desturi ya kusogeza saa mbele na nyuma kwa majira ya mwaka, na ndiyo maana waandishi wetu husahau kwamba mteja aliyeko London anayemkatia mamake tiketi husogeza saa yake Jumapili ya mwisho ya Machi. Kama programu inaonyesha saa kwa wateja wa huko, ukanda wa `Europe/London` uingie kwenye orodha.

Hatua ya nne: ipe programu saa kutoka nje

Hii ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko zote, na inafaa kuipa muda wa kutosha. Litazame jaribio hili, ambalo mfano wake unapatikana katika miradi mingi:

```
def test_kiti_kinaachiliwa():
    shika_kiti(14, sekunde=2)
    time.sleep(2)
    assert kiti_kiko_wazi(14)
```

Lina kasoro tatu. Linapoteza sekunde mbili kila linapoendeshwa. Linatarajia kazi ya kuachilia viti iwe imeshakamilika pale tu sekunde ya pili inapoisha, jambo ambalo mashine yenye shughuli nyingi haiwezi kuliahidi. Tena halijaribu kanuni halisi ya biashara, ambayo ni dakika 15, bali kanuni ya sekunde mbili iliyobuniwa ili jaribio lisichoshe. Kuongeza muda wa kulala hadi sekunde tano kunapunguza kasoro ya pili kidogo na kuzidisha ya kwanza, na ya tatu inabaki palepale.

Dawa ni kuifanya saa iwe kitu ambacho programu hupewa, kama inavyopewa hifadhidata. Katika uendeshaji wa kawaida inapewa saa halisi. Katika jaribio inapewa saa ambayo husimama hadi jaribio liisogeze:

```
def test_kiti_kinaachiliwa_dakika_15_zikiisha():
    saa = SaaYaMajaribio("2025-04-01T00:30:00+03:00")
    daftari = Daftari(saa)
    daftari.shika(kiti=14)

    saa.sogeza(dakika=14, sekunde=59)
    assert daftari.kimeshikwa(kiti=14)

    saa.sogeza(sekunde=1)
    assert not daftari.kimeshikwa(kiti=14)
```

Jaribio hili linamalizika kwa kufumba na kufumbua, linapima kanuni ya kweli, na linapima mpaka wenyewe: sekunde moja kabla kiti bado kimeshikwa, na sekunde ileile dakika 15 zinapotimia kimeachiliwa. Swali la nini kitokee katika sekunde hiyo hasa halikuwahi kujibiwa na jaribio la kwanza, na mara nyingi halikuwahi kujibiwa na mtu yeyote, hata mwenye basi. Zingatia pia kwamba tarehe imeandikwa kamili pamoja na tofauti ya saa tatu, na imechaguliwa kwa makusudi iangukie pale ambapo Mombasa imeshaingia Aprili na UTC bado iko Machi.

Huhitaji kubuni kila kitu mwenyewe. Java ina darasa la `Clock` tangu toleo la 8 la mwaka 2014, Jest ina saa bandia zake kwa JavaScript, na Go imeweka kifurushi cha `testing/synctest` katika maktaba yake ya kawaida tangu toleo la 1.25 la mwaka 2025. Pale ambapo kuna uchaguzi, napendelea saa inayopitishwa wazi kuliko maktaba inayobadilisha saa ya mfumo mzima kwa nyuma, kwa sababu ya kwanza inamwonyesha msomaji wa msimbo ni sehemu zipi zinazotegemea wakati.

Kwa vipindi vinavyopimwa, kama vile muda uliopita tangu ombi litumwe, usitumie saa ya ukutani, yaani saa ya mashine inayoonyesha tarehe na wakati, hata kidogo. Saa hiyo hurekebishwa na NTP, huduma ya kulinganisha saa za kompyuta kupitia mtandao, na inaweza kurudi nyuma, kwa hiyo muda uliopita unaweza kutoka hasi. Tumia `time.monotonic` katika Python au `System.nanoTime` katika Java, ambazo zimekusudiwa kupima vipindi.

Hatua ya tano: subiri tukio, usisubiri muda

Si kila kitu kinaweza kuendeshwa kwa saa bandia. Taarifa ya malipo inapofika kutoka nje, inaingia kwenye foleni na kushughulikiwa na mchakato mwingine, na jaribio linalogusa mfumo mzima halina budi kusubiri. Hapo lisubiri hali inayotakiwa: liulize kila baada ya milisekunde 50 kama tiketi imetolewa, na likome pale tu jibu linapokuwa ndiyo. Kikomo cha juu kiwe kirefu, hata sekunde 30, kwa kuwa jaribio lenye afya halitakifikia kamwe na lililovunjika peke yake ndilo litakalolipa gharama hiyo. Kikomo kikifikiwa, ujumbe wa kosa utaje hali ya mwisho iliyoonekana. Ujumbe unaosema tu kwamba muda umekwisha hauna msaada kwa yeyote, ila unaosema kwamba tiketi ilikuwa bado inasubiri malipo na foleni ilikuwa na ujumbe mmoja humwokoa mtu nusu siku ya kazi. Awaitility hufanya hivi kwa Java, na Playwright husubiri yenyewe kwa kurasa za wavuti.

Lililo gumu ni kuthibitisha kwamba jambo fulani halikutokea. Tuseme taarifa ya malipo yaleyale imefika mara mbili, na kanuni inataka tiketi moja tu. Jaribio la kawaida hutuma taarifa mbili, husubiri sekunde moja, kisha huhesabu tiketi. Mashine ikiwa nzito, taarifa ya pili huwa haijashughulikiwa sekunde hiyo inapokwisha, kwa hiyo jaribio linahesabu tiketi moja na kufaulu hata kama programu ni mbovu. Naliogopa jaribio la aina hii kuliko linalofeli ovyo, maana linalofeli ovyo angalau linapiga kelele.

Njia iliyo salama ni kuiondoa foleni kwenye mikono ya mchakato wa nyuma wakati wa jaribio, na kuiamuru ishughulikie kila kilichomo hadi iwe tupu, ndipo uhesabu. Kama hilo haliwezekani, na foleni inahifadhi mpangilio huku ikiwa na mshughulikiaji mmoja, tuma ujumbe wa tatu wa alama tu na usubiri huo: ukishashughulikiwa, una hakika kwamba taarifa mbili zilizoutangulia zimeshapita.

Hatua ya sita: chukulia kwamba huenda jaribio lina haki

Kabla hujalilaumu jaribio, jiulize iwapo kinachotokea ndani yake kinaweza kumtokea abiria. Katika programu yetu kuna kazi inayopita kila mara kuachilia viti ambavyo dakika 15 zimekwisha. Sasa fikiria malipo yanaingia katika dakika ileile. Kazi ya kuachilia imesoma kwamba kiti nambari 14 hakijalipiwa. Kabla haijaandika, malipo yanaandikwa na tiketi inatolewa. Kisha kazi ya kuachilia inaandika kwamba kiti kiko wazi. Kiti kinauzwa tena, na usiku huo watu wawili wanasimama kwenye mlango wa basi wakiwa na tiketi za kiti kimoja, wote wakiwa wamelipa kihalali. Jaribio lililokuwa likifeli mara moja katika kila mara mia kadhaa lilikuwa likieleza jambo hilo, na kuliongezea muda wa kulala kungekuwa kuliziba mdomo.

Marekebisho hapa ni ya programu. Badiliko la hali lifanywe ndani ya amri moja ya hifadhidata yenye sharti, yaani kiti kiwe wazi iwapo tu bado kiko katika hali ya kushikwa, na programu iangalie ni safu ngapi zilizobadilika. Zikiwa sifuri, mwingine ameshatangulia. Malipo yaliyochelewa nayo yawe na njia yake ya kurudishwa.

Kisha andika majaribio mawili badala ya moja, kila moja likilazimisha mpangilio wake. Weka lango ndani ya kazi ya kuachilia, kati ya kusoma na kuandika. Jaribio la kwanza linaisimamisha kazi hapo, linaingiza malipo, ndipo linafungua lango. La pili linaacha kazi imalize kwanza, kisha linaingiza malipo. Hapo mpangilio unaamuliwa na jaribio, na bahati haina tena nafasi.

Hatua ya saba: yahamishe yanayopima kasi

Jaribio linalodai kwamba utafutaji wa safari ukamilike chini ya milisekunde 200 linapima mashine pamoja na msimbo, na kwenye seva inayoshirikiwa na wengi halina mwamuzi wa haki. Lipeleke kwenye mfumo wa pekee unaopima mara nyingi, juu ya mashine moja isiyobadilika, na unaolinganisha na vipimo vya awali. Ndani ya majaribio ya kawaida, hesabu kitu kinachohesabika: mathalani, idadi ya maswali yanayopelekwa kwenye hifadhidata kwa orodha ya safari 20 isizidi mawili.

Hatua ya nane: futa panapostahili

Yapo majaribio ambayo, baada ya kuyachunguza, hakuna mtu kwenye timu anayeweza kusema yanalinda nini. Yapo mengine ambayo kila yanachothibitisha kimeshathibitishwa na jaribio dogo zaidi lenye saa bandia. Haya yafutwe, na maelezo ya badiliko yataje ni jaribio lipi linalochukua nafasi yake au kwa nini halihitaji mbadala. Asiyeweza kuandika sentensi hiyo asifute.

Hatua ya tisa: rudisha na uzuie yasirudi

Jaribio lililorekebishwa liendeshwe mara 300 bila kufeli hata mara moja, mashine ikiwa imeelemewa na kanda za saa zikibadilishwa, ndipo litolewe kwenye kundi lililotengwa. Lilikuwa likifeli kwa nadra zaidi ya mara moja katika 100? Ongeza idadi kwa uwiano uleule: linalofeli mara moja katika 1,000 linahitaji karibu mara 3,000.

Mwisho, kiongezee kikaguzi cha msimbo kanuni mbili. Ya kwanza ikatae amri yoyote ya kulala ndani ya folda ya majaribio. Ya pili ikatae kusoma saa ya mashine moja kwa moja popote isipokuwa katika faili moja ambamo saa halisi inatengenezwa. Makosa ya zamani yaorodheshwe kama ruhusa za muda, ili kanuni ianze kufanya kazi leo bila kusubiri usafi ukamilike, na orodha hiyo ipungue kila wiki na isiongezwe hata mstari mmoja. Kila jaribio jipya nalo liendeshwe mara 100 na seva yenyewe kabla ya kuunganishwa. Kwa majaribio yasiyolala, hilo halizidi sekunde chache.